Nusu ya Pili ya Filamu ya Fundi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwetu juu ya Kianjokoma, huko Embu, mchana, nikiwa macho na sijanywa kitu isipokuwa chai. Naanza hivyo kwa sababu najua utakavyofikiri, na mimi pia ningefikiri vivyo hivyo. Ningependa kukusimulia kwa mdomo, maana kisa cha namna hii kinafaa kusikika, lakini mdomo wangu siutumii ovyo siku hizi. Ukifika mwisho utaelewa.

Kwanza unijue. Shule niliiachia kidato cha pili. Kiswahili hiki unachosoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyopoteza jalada na kwa magazeti ya kufungia nyama. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja sifuti. Nachana karatasi nzima na kuanza upya. Mama alikuwa akisema nitawamaliza ng'ombe wake, kwa kuwa kila wakiuza maziwa mimi naomba karatasi.

Ugonjwa huo ndio ulionipatia kazi kwa Nyaga, mwenye duka la kukodisha diski pale sokoni. Filamu ikitoka kwa kutazamwa nyumbani, alinipa mimi kwanza. Niliitazama yote, nikaandika uhakiki wa ukurasa mmoja, naye akaubandika mlangoni. Watu walisoma kabla ya kukodi. Niliandika kama picha ni safi, kama ngumi zinapigwa kweli au zinapita mbali na uso, kama kichekesho kinachekesha. Zaidi ya yote niliandika kuhusu dijei.

Kama hujui, dijei ndiye anayetutafsiria filamu. Wachina wanaongea Kichina chao, naye dijei anaongea juu yao kwa Kiswahili, anawapa majina ya huku, anatia utani wake. Jambazi mkuu ataitwa Chifu, mzee wa ngumi ataitwa Guka, yaani babu. Katikati ya vita dijei huuliza, "Mko?" Watu wote kwenye chumba cha vidio hujibu, "Tuko!" Usipojibu, jirani yako anakupiga kiwiko. Hata ukiwa peke yako nyumbani unajikuta umejibu. Ni mazoea tu.

Hodari wao, kwa maoni yangu, alikuwa Dijei Mutwiri wa Nkubu. Sikuwahi kuonana naye. Niliijua sauti yake tu, nzito, yenye mkwaruzo, na lafudhi ya Kimeru ambayo hakujaribu kuificha.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kukujulisha, naye ni cucu, mama yake baba yangu. Macho ya cucu yalizima nikiwa bado mdogo. Kila jioni nilikaa naye jikoni kando ya moto, nikamsomea Biblia, kisha habari za gazeti, kisha hata uhakiki wangu wa filamu ambazo hakuwahi kuziona. Mimi sauti yangu sikuipenda. Ilikuwa nyembamba, nami niliona haya hata kuomba soda dukani. Lakini cucu aliniambia jioni moja, "Ukisoma, mimi naona." Neno hilo nililiweka moyoni kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa. Nilikuwa na nini kingine cha kumpa mtu?

Basi ilikuwa Julai. Kama umewahi kukaa huku juu Julai, unajua ukungu unavyoshuka kutoka mlimani na kukaa siku nzima, mpaka huoni majani ya chai hatua chache kutoka mlangoni. Baba na mama walikuwa wamepeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai. Cucu alikuwa jikoni, upande wa pili wa ua. Mimi nilikuwa nyumba kubwa na diski mpya ambayo Nyaga alikuwa ameipokea kutoka Nkubu. Hakuwa ameifungua. Aliniambia, "Itazame mpaka mwisho. Ikiwa sawa, natoa nakala kesho."

Ilikuwa filamu ya ngumi ya kuchekesha. Kijana fundi wa nguo, mwoga kama kuku, anarithi cherehani ya mjomba wake na kugundua kwamba mjomba alikuwa anapigana kwa utepe wa kupimia na pasi ya makaa. Wahuni wanakuja kuchukua duka. Kijana anapigana huku suruali ya mteja ikiwa imeshonwa mguu mmoja, na mteja yumo ndani yake. Nilicheka mpaka machozi. Mutwiri alikuwa amemwita yule fundi Kamwana, na kila Kamwana akipigwa pasi dijei alisema, "Hiyo ni ya moto, muulize aliyeivaa." Alisikika amechoka kidogo. Alikuwa anameza mate sana kati ya maneno. Niliandika hilo pembeni, maana mimi huandika kila kitu.

Katikati ya filamu, Kamwana akiwa amening'inia kwenye kamba ya nguo, sauti ya Mutwiri ilikatika. Picha iliendelea. Wachina waliongea peke yao.

Nilikagua nyaya. Nilitoa diski, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Bado kimya. Ndipo mtu akabisha mlangoni.

Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa koti la kijivu, na shingoni amezungusha skafu nene mpaka kidevuni. Aliongea kwa kunong'ona. Alisema manyunyu yamemkamata njiani, akasikia filamu, je, naweza kumkaribisha kidogo? Huku kwetu mtu aliyeloa humwulizi anatoka wapi. Nilimpa kiti. Nilimmiminia chai, akaweka mkono juu ya kikombe na kuonyesha shingo yake, kwamba koo haliruhusu. Hapo ningepaswa kujiuliza. Ni nani anakataa chai huku, siku ya baridi namna ile? Na jambo jingine nililiona nikalipuuza: viatu vyake havikuwa na tope. Njia ya kwetu Julai ni tope tupu.

Alitazama picha akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna maneno," alinong'ona.

Nikamwambia diski imeharibika, na kwamba nasikitika, kwa sababu nina kazi ya kuandika na siwezi kuhakiki nusu.

"Mimi naijua hii filamu. Nitakuambia wanasema nini."

Akaanza. Nakwambia kweli, alijua kila neno. Lakini mnong'ono wake ulikuwa unakwama, anaanza utani na hewa inamwishia kabla ya kufika mahali pa kucheka. Ilikuwa inauma kumsikiliza. Mara akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Uko?" akauliza.

"Niko," nikajibu, na nikacheka, kwa vile alikuwa ameuliza kama dijei.

"Basi nisaidie na sauti, kijana. Yangu imekataa. Tumalize tu hii."

Wewe ungejibu nini? Jirani akija kusema nisaidie na chumvi, nisaidie na jembe, unajibu kabla hujafikiri. Hatuulizi utairudisha lini. Kuuliza hivyo ni uchoyo, na mama yangu angenichapa.

"Chukua tu," nikasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema kwa sauti yangu.

Alikohoa mara moja, akalegeza skafu, na akaanza kuongea vizuri. Si kwa mnong'ono. Sauti ilitoka laini, nyembamba kiasi, safi kama maji. Nilifurahi kwamba koo limemfunguka. Sauti ile niliona kama nimewahi kuisikia mahali, lakini sikukumbuka ni wapi. Alitafsiri nusu yote ya pili. Kamwana alipomfunga yule Chifu kwa utepe na kumpima kiuno mbele ya wahuni wake, nilijishika tumbo. Sikuhitaji kusema kitu. Nilikuwa nacheka bila sauti, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nilidhani ni kicheko tu.

Mwishoni, kama filamu hizi zinavyofanya, walionyesha makosa ya waigizaji. Mtu anaruka, anakosa ukuta, anaanguka vibaya, wenzake wanamkimbilia. Mgeni wangu hakucheka hapo.

"Hapa ndipo ninapopapenda," alisema. "Mtu anaanguka, anaamka, wanarudia tena."

Akasimama, akanishukuru kwa mkono, akatoka. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini Julai nani hana mkono wa baridi? Nilimsikia akipita jikoni na kuaga, "Cucu, mimi naenda. Nitarudi." Nikasikia cucu akijibu, "Nenda salama, mwana wa mwanangu." Nikafikiri, cucu naye, kila mtu kwake ni mjukuu. Nikaketi kuandika.

Niliandika mpaka giza likaingia. Nilichana karatasi kadhaa. Niliandika kwamba picha ni safi, kwamba vita vya pasi havina mfano, kwamba nusu ya kwanza dijei anasikika mchovu. Na niliandika hivi, naomba uyasome polepole: *Nusu ya pili inapita ya kwanza. Sauti ni ya kijana, haina majivuno, inamfanya msikilizaji aone hata akifumba macho.* Nilijua nusu ya diski ni kimya. Lakini nilijiambia mashine yangu ndiyo mbovu, kwamba mgeni alikuwa anarudia tu maneno yaliyomo. Nilitaka kazi yangu iwe kamili. Siku nzima sikuwa nimefungua mdomo tena. Nikiandika huwa siongei na mtu.

Jioni nilichukua Biblia nikaenda jikoni. Cucu aliinua kichwa na kutabasamu, maana anajua hatua zangu. Nikamwamkia.

Tabasamu likaondoka. "Ni nani huyo?" akauliza.

Nami pia nilikuwa najiuliza. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na ilitamka jina la cucu kwa lafudhi ya Kimeru. Nilijaribu tena. Nilisema, "Ni mimi, cucu." Akavuta shali lake na kusogea karibu na ukuta.

"Mjukuu wangu ameondoka mchana," alisema. "Ameniaga mwenyewe. Wewe umepata wapi viatu vyake?"

Mama alisema ni mafua. Akanipa tangawizi.

Asubuhi nilimpelekea Nyaga karatasi yangu bila kusema neno. Alisoma, akakunja uso. Aliniambia kwamba jioni iliyopita alipigiwa simu kutoka Nkubu. Dijei Mutwiri alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa koo, sauti ilimwishia katikati ya kurekodi, na ile diski ilitumwa kwa makosa. Haina nusu ya pili. "Sasa hii nusu ya pili unayoisifu ni ipi?" akauliza.

Aliitia kwenye mashine ya duka, akaisogeza mbele mpaka pale kwenye kamba ya nguo. Ilikuwepo. Sauti laini, nyembamba, safi. Nyaga alisikiliza kidogo, kisha akaanza kucheka na kunipiga bega.

"Kumbe umemmalizia mzee kazi? Si ungeniambia. Unajisifu mwenyewe kwenye karatasi, wewe."

Sikumwelewa. Ndugu, unajua mtu hajui sauti yake inavyosikika kwa wengine. Ilibidi wateja wawili waingie, waniangalie, waiangalie televisheni, na kuniambia hongera, ndipo nikafahamu niliisikia wapi. Nilifungua mdomo kukanusha. Nyaga aliposikia kilichotoka aliacha kucheka. Alimjua Mutwiri. Alizima mashine, akaenda kusimama nje kwenye ukungu.

Daktari wa Embu alinimulika koo, akasema ni zima kabisa. Kanisani wameniombea na wanaendelea kuniombea. Nilienda hata Nkubu. Nilibisha hodi kwa mama yake Mutwiri, na yule mama akaita jina la mwanawe kabla hajafungua mlango. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu. Mama yule alinishika mikono akaniomba nikae, niongee chochote, hata nihesabu ng'ombe. Nilikaa mpaka jioni nikiongea. Tangu hapo hunitumia watu kuniuliza nitarudi lini. Sijarudi. Naogopa kuzoea.

Na cucu? Nyaga alitoa nakala ya ile diski, ikakodiwa mpaka Karurumo. Moja iko nyumbani. Kila jioni mama anaiwasha kwenye nusu ya pili, na cucu anakaa na mikono magotini, uso umeelekea kwenye sauti, anatabasamu kwa vita asivyoviona. Mimi hukaa kando yake. Nikiwa kimya ananishika mkono, maana mkono anaujua. Wakati mwingine ananiambia, "Sikiliza. Huyo ni mjukuu wangu. Alisema atarudi." Nami naufinya mkono wake, basi. Siku nilipojisahau nikamjibu, aliutoa mkono, na ilichukua wiki nyingi kunirudishia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mtu akikuomba kitu, muulize kwanza ni kitu gani na atakirudisha lini, hata kama utaitwa mchoyo. Na ukiikodi filamu ya fundi, cheka na nusu ya kwanza, kisha uzime. Ukishindwa kuzima, basi pale inapouliza, "Uko?", nyamaza. Inauliza kwa sauti yangu, lakini anayeuliza si mimi.