Mshauri Asiyeuza Kitu

Kalisti alikuwa fundi simu mpaka alipopunguzwa kazini. Mwaka 1998 akaingia Shinyanga mjini kwa baiskeli, akitokea kwao Ushirombo, akajitangaza kuwa mshauri wa usalama wa kompyuta. Kompyuta yenyewe hakuwa nayo. Mkobani alikuwa na bisibisi, daftari na shati la akiba. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, na mimi nilikuwa wa kwanza, Mungu anisamehe.

Mjini kwetu kompyuta zilikuwa za kuhesabu, zote kwa wenye maduka makubwa, zote zimevalishwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kalisti alizipitia moja moja, na kila tajiri alimuuliza, "Unauza nini?" Akijibu kwamba hauzi kitu, anashauri tu, wanashika mifuko yao. Mtu asiyeuza kitu kwetu ni mwizi, au ni mtu wa kodi.

Mimi nilikuwa karani wa Mama Pooja, jina lake hasa Jasumati, aliyeuza nafaka na mafuta ya kula kwa jumla. Huo ulikuwa mwaka wangu wa sita. Nilipiga chapa kila kitu kwenye kompyuta yake, akishaifungua mwenyewe asubuhi, pamoja na bei za tenda ya chakula cha mgodini kule Bugarama. Tenda mbili mfululizo tukakosa, na kila mara mpinzani wetu alikuwa chini yetu kwa shilingi mbili tatu tu kwa kilo, utadhani karatasi yetu kaisoma. Sasa bei zetu zinajulikana na nani? Mama Pooja na karani. Basi mwizi ni nani tena!

"Mwisho wa mwezi unaondoka, karani," akaniambia mbele ya wapagazi. Nilikuwa nasomesha wadogo zangu watatu kwa mshahara ule. Kwa hasira niligonga mashine kama natwanga kisamvu.

Hapo ndipo Kalisti alipopiga hodi. Akanigeukia mimi kwanza. "Dada, unaitwa nani?" Nikamwandikia daftarini mwake. Dukani pale hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Halafu akamweleza Mama Pooja kilichomleta.

"Ushauri?" Mama Pooja akasema. "Ushauri hata mama mkwe anao, tena bure! Ulinzi mimi ninao."

Na kweli alikuwa nao. Yasini, yule bwana aliyemuuzia mashine, alikuwa amemuuzia pia kitambaa, kioo cha kukinga macho, na sheria kwamba kila anayeingia avue viatu. Kila Ijumaa Yasini alikuja kupangusa vumbi, akijifungia chumbani nusu saa nzima. Vumbi gani hilo, jamani? Na hakuna aliyeuliza.

"Na neno la siri analijua nani?" Kalisti akauliza.

"Mimi na Mungu."

Kalisti akavua viatu, soksi moja ina tundu, akakaa mbele ya mashine akatega masikio. Mteja kutoka Songwa akachungulia, akasalimia Kisukuma: "Mwangaluka, Mama Pooja!" Mpagazi akapita na gunia: "Shikamoo, Mama Pooja." Jirani akaita toka barazani: "Mama Pooja, sukari imeshuka?" Kalisti akaandika herufi tano. Mashine ikafunguka.

"Mama," akasema taratibu, "siri yako unasalimiwa nayo kutwa nzima."

Mama Pooja alikosa pa kuweka uso. Kalisti akamwambia achague neno jingine, neno ambalo dukani mle halijawahi kutamkwa hata mara moja. "Hata mimi usinitajie." Mama Pooja akafikiri, akatutazama mmoja mmoja, akaandika.

Ijumaa Yasini akaja, akavua viatu, akajifungia. Haikupita robo saa akatoka jasho linamchuruzika. "Mama Pooja, mbona mashine haifunguki?"

"Kumbe kupangusa vumbi nako kunataka mashine ifunguke?"

Wallahi, alitoka pale mbio, viatu kaviacha mlangoni.

Sikufukuzwa. Radhi sikuombwa, hiyo haikuwa desturi ya nyumba ile. Kalisti naye alibishana siku mbili mpaka akapewa dumu la mafuta ya kula, maana Mama Pooja aliuliza, "Nikulipe kwa lipi, wakati hujaniachia kitu?" Akalifunga kwenye baiskeli akaenda kuchekwa duka linalofuata.

Wiki ya tenda ya tatu Mama Pooja alikuwa Mwanza, harusini. Akapiga simu: bei ziende mgodini leo hii.

"Karani, fungua mashine."

"Neno la siri silijui, mama."

"Andika jina lako."

Nikaandika *karani*. Ikakataa.

"Siyo hilo, we! Jina lako!"

Miaka sita! Iliniuma, nisidanganye, iliniuma kuliko hata ule wizi niliosingiziwa.

"Mwamvua?" nikauliza kwa sauti, mpaka wapagazi wakageuka kutafuta huyo Mwamvua ni nani. Nikaandika. Ikafunguka.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, mama."

"Haya. Ukimaliza, karani, libadilishe. Sasa limeshasikika dukani."