Mbwa Asiyeguswa

Mimi sina subira, na mbwa wangu analijua hilo. Ndiyo maana katika mchezo wetu wa kurukisha mbwa sijawahi kushinda hata mara moja. Mbwa wangu ni mnene, mweusi, na uvivu wake haujapata dawa. Akifika kwenye pipa analotakiwa kupita ndani yake, analala humo humo. Watu wanacheka, mimi napiga kelele, naye anatingisha mkia kana kwamba nimemsifu. Lakini Jumamosi ikifika, nikishafunga kabichi zangu za soko, tunashuka wote wawili kiwanjani. Ugonjwa umeshatuingia.

Mchezo wenyewe ulifika kijijini kwetu kwa simu yangu. Binti yangu anayefanya kazi Tanga mjini alinitumia video ya mbwa wa Ulaya wanaoruka viunzi na kupenya katikati ya vijiti, mwenye mbwa anakimbia pembeni akionyesha njia kwa mkono. Nikasema hao watu wameshiba. Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa ua anapalilia karoti, akaomba aone. Akatazama hadi mwisho, akaomba irudiwe. Kisha akasema mbwa wake anafanya hayo kila siku bila kupigwa picha, akiwafukuza ngedere kwenye mahindi, tuta hadi tuta, mpaka bondeni.

Huyo jirani namwita shemeji, kwa kuwa mkewe ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana. Wao ni Waislamu, sisi ni Walutheri. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, na kuku wa Krismasi anachinjwa na shemeji ili kila mtu ale kwa raha. Hatujawahi kugombana kwa ajili ya dini. Sana sana tumegombana kwa ajili ya mbuzi.

Ila kwa shoga yangu, suala la mbwa halikuwa na mjadala. Ngedere walipozidi, shemeji alileta mtoto wa mbwa, jike la rangi ya kahawia, na mkewe akaweka masharti mbele yangu, mimi nikiwa shahidi. Mbwa akae mwisho wa shamba, awe na bakuli lake, na shemeji asimguse. Alinifafanulia kwamba mbwa mkavu kwao si neno kubwa, shida ni mate na manyoya yaliyolowa. Lakini Lushoto hii ya mvua na ukungu, akauliza, mbwa mkavu utampata mwezi gani? Siku shemeji atakapomshika, mbwa atapelekwa Mnazi kwa kijana wao anayefuga mbuzi kule chini tambarare. Shemeji akakubali. Na shoga yangu akisema jambo, amesema.

Basi shemeji, mzee wa watu, akamlea mbwa kwa mdomo. Watoto wao wote wamekwisha kuhama, na mkewe si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo maongezi yote ya siku yalikwenda kwa mbwa. Nikiwa jikoni nilimsikia akimweleza kwa Kishambaa bei ya viazi, mvua, na mgongo unavyomuuma, na mbwa amekaa hatua chache mbele yake ametega sikio. Akimwambia kaa, anakaa. Akimwambia zunguka, anazunguka. Sisi wengine tulikuwa tunaburuta mbwa wetu kwa kamba kama tunapeleka wezi kituoni. Nilikuwa nikiwatazama wale wawili najisemea, mbwa huyu akienda Mnazi, mzee atakwisha.

Tulianza nyumba tatu tu. Viunzi tulitengeneza kwa mirunda, vijiti vikawa vile vile vya kuegemezea maharage, na daraja likawa ubao mrefu juu ya mapipa mawili. Binti yangu ndiye aliyetusomea sheria kwa simu. Alipofika kwenye ile inayosema mwenye mbwa haruhusiwi kumgusa mbwa wake, na akimgusa ametolewa, shemeji alicheka mpaka akakohoa. Akasema mchezo huu kumbe umetungwa na Muislamu, ninyi mmechelewa kutuambia tu.

Na kweli alitushinda wote. Tulipomwona anasimama katikati ya kiwanja na kofia yake, mikono nyuma, anasema maneno mawili matatu ya chini chini, na yule jike anaruka, anapenya, anarudi, kila mtu alitaka mbwa wa namna hiyo. Mchungaji akatangaza mchezo kanisani baada ya matangazo ya kwaya. Mwalimu wa madrasa akaja kusimama mbali kidogo, halafu karibu kidogo, halafu akawa anabishana na mwamuzi. Mtu wa mifugo akaona mbwa wote wamekusanyika mahali pamoja, akaja na sindano za kichaa cha mbwa. Jamani, hapa kwetu mbwa alikuwa ni kitu cha kurushiwa mawe. Siku hizi mtu akinisalimia, akishamaliza habari za nyumbani, anauliza na yule mnene hajambo?

Habari zikafika hadi kijiji cha Lukozi, na watu wa Lukozi hawapendi kupitwa. Wakasema wanakuja kushindana. Siku hiyo walikuja kwa bodaboda, kila mbwa ndani ya tenga la nyanya, vichwa vinachungulia juu. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mimi ndiye niliyemshawishi shoga yangu aje. Alikuwa hajawahi kumwona mumewe akicheza. Nilimwambia akaone watu wanavyomheshimu mzee wake, akakataa, nikang'ang'ania, mwishowe akaja akatandika khanga kwenye jiwe karibu na bomba la maji. Akakaa pale. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na mchana yakaingia manyunyu, yale yasiyokuzuia kufanya kazi lakini yanakulowesha mpaka ndani.

Mbwa wa Lukozi walikuwa wazuri, sitawanyima haki yao. Wangu alipita viunzi viwili akaenda kunusa matenga. Shemeji akawa wa mwisho, na mbwa wake alipoanza tu nikajua tumeshinda. Viunzi akavipita, pipa akalipita, vijiti akavipita. Nilimtazama shoga yangu nikamwona ameinuka kidogo kwenye jiwe, shingo imenyooka. Alikuwa anafurahi, naapa.

Kisha lile daraja. Ubao ulikuwa umelowa. Mbwa aliteleza karibu na mwisho, akaanguka upande, na mguu wa nyuma ukabanwa kati ya ubao na pipa. Akabaki ananing'inia, analia. Mwamuzi akakimbilia, mbwa akamwonyesha meno. Vijana wa Lukozi wakajaribu kuinua ubao, akataka kuwararua. Kwa maumivu yale hakumtaka mtu yeyote.

Shemeji alisogea akasema naye taratibu, na mbwa akaacha kulia. Lakini mguu hauondoki kwa maneno. Nikamwona mzee anageuka kumtazama mkewe. Kiwanja kizima kikamtazama mkewe, maana sharti lile lilijulikana kijijini kuliko amri kumi. Shoga yangu hakutikisa kichwa wala hakukubali. Nilijilaumu kwa kumleta.

Shemeji akainama. Akamkumbatia mbwa kwa mikono yote miwili, matope na manyoya yaliyolowa yakamjaa kifuani, akamwinua mpaka vijana wakautoa mguu. Hakumweka chini. Alimshika hivyo hivyo, na yule mbwa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuwekewa mkono na mtu aliyempenda, akamlamba kuanzia kidevu hadi kwenye paji la uso. Mzee alifumba macho. Mwamuzi akainua kitambaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba amegusa, ametolewa. Hakuna aliyepiga makofi, hata wa Lukozi.

Shoga yangu akasimama. Akakung'uta khanga yake, akaikunja, akachukua ndoo yangu yenye kifuniko na kopo lake bila kuniomba, akaenda bombani. Alirudi na ndoo ya maji na udongo kiganjani. Akamwambia mumewe amweke mbwa chini na akae kwenye jiwe. Mzee akakaa na kunyoosha mikono kama mtoto anayenawishwa. Mkewe akammiminia maji mikononi na usoni, mara ya kwanza kwa udongo, kisha maji matupu, akihesabu kwa midomo mpaka zikatimia mara saba, kama dini yao inavyoagiza kwa mate ya mbwa. Hakuharakisha hata moja. Nilikuwa karibu nao, nikamsikia shemeji anasema pole pole, "Nitampeleka kesho, mama."

Shoga yangu akamkagua masikio, kama amesahau mahali.

"Mnazi kuna joto," akasema. "Mbwa wa milimani atakufa kule."

Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Mkewe akayamimina maji yaliyobaki kwenye kifuniko cha ndoo, akakiweka chini, na kwa ncha ya kandambili akakisukuma taratibu kwenye nyasi, mpaka kikafika puani pa mbwa.