Kona ya Bi Qiu na Wageni wa Maendeleo

Bi Qiu, ndugu zangu, ameuza tambi za pilipili miaka ishirini na sita chini ya ngazi zetu hapa Chongqing, China. Wateja hukalia vigoda vifupi, na kigoda kirefu ndicho meza yao. Wiki waliyokuja wawekezaji wa kigeni, Afisa Tang wa mtaa alimfukuza.

"Shangazi, unatuharibia sura ya maendeleo. Kona hii isahau."

Ukuta ukapakwa rangi, maua yakapangwa, mtaa ukawa safi na mtupu kama shule wakati wa likizo. Wageni wakashuka garini, wakatazama huku na huku. Mmoja akauliza wenyeji wanakula wapi, maana alitaka kujenga kiwanda cha tambi.

Tang akapanda ngazi mbio hadi nyumbani kwa Bi Qiu.

"Shangazi yangu, njoo uwashe jiko."

"Nitaharibu sura."

"Wewe ndiye sura yenyewe."

"Basi andika kwamba kona ni yangu, upige na muhuri mwekundu."

Muhuri ulipatikana baada ya saa nzima. Bi Qiu aliisoma karatasi mara mbili, ndipo akawasha jiko. Wageni, kwa njaa, wakala bakuli mbili mbili, na ripoti ya mtaa ikaeleza kwamba kona ile ilibuniwa na Afisa Tang.