Waridi la Jangwani Mlangoni Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bustani ya hoteli moja ya Malindi, nilinyang'anywa ndoo ya maji. Nilikuwa naimwagilia mishubiri kwa bidii yote ya mtoto wa Golbanti, kijiji cha kando ya Mto Tana karibu na Garsen. Sisi watu wa mto tukiona jani, tunalimwagia maji. Mkuu wa Bustani akaja mbio.

"Binti wa Tana, unaniulia mimea! Huu si mpunga!"

"Lakini udongo umekauka, Mzee."

"Kukauka ndiyo raha yake. Lete ndoo. Leo kazi yako ni kuitazama tu."

Wenzangu walinicheka mpaka saa ya chai. Wacheke. Mimea minono, yaani ile inayojiwekea akiba ya maji katika majani au shina, hakuna aliyekuja kuielewa kunishinda. Nilijilipia masomo, nikapata diploma ya kilimo cha bustani. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Garsen. Mgeni huiona kabla hajaona kiti.

Nilipohamia kitalu kimoja cha Nairobi, Meneja wa Kitalu alikuwa mama mkali aliyechomeka kidole kwenye chungu kabla ya kusalimia mtu. "Kidole kikitoka na unyevu, ondoka," alisema. "Kikitoka kikavu, hapo tuzungumze maji." Chini yake nilipanda cheo hadi kusimamia nyumba nzima ya vioo, na huko ndiko nilikostaafu.

Nilirudi nyumbani na waridi la jangwani. Mkuu wa Bustani alinipa likiwa mche, siku nilipoaga Malindi, naye akabaki na pacha wake. Sasa shina lake lilikuwa limevimba kama boga. Nikaliweka mlangoni, nikampigia simu: "Mzee, lako halifikii hili hata kiunoni!"

"Nitakuja kulipima mwenyewe," akajibu. "Kiangazi napitia Garsen nikienda Lamu kwa mwanangu."

Wiki chache baadaye nililigusa shina, kidole kikazama. Lilikuwa linaoza. Mimi, mwenye diploma, mgeni wangu yuko njiani!

Sikuchelewa kujua sababu. Kwetu maji ya kunawa hayamwagwi ovyo. Hupewa kitu kinachoota. Kila mgeni akishanawa, shangazi yangu, ninayeishi naye, alichukua beseni na kulimimina lote kwenye chungu cha mlangoni.

"Shangazi, unaliua!"

"Naliua? Mimi ndiye ninayelilisha! Wewe unalitazama tu kama mume mvivu."

Nilivaa glavu, kwa kuwa utomvu wa waridi hili ni sumu, nikalikata kwa kisu safi mpaka nikafikia nyama isiyo na doa. Nikaliacha kivulini hadi jeraha likafunga ngozi. Vijana, msiruke hatua hii: kidonda kibichi kikizikwa, kitaoza tena. Kisha nikalipanda katika mchanga mkavu wa mto uliochanganywa na vigae, kwenye chungu chenye matundu, na sikulimwagia maji mpaka lilipotoa jani jipya.

Shangazi nilimtafutia kazi nyingine. Nilipanda mgomba kando ya mlango nikamwambia, "Huyu ndiye mwenye kiu." Alifurahi kuliko mimi. Mgomba ukanenepa kwa maji ya mikono ya Garsen nzima, na ndani ya kiangazi waridi likafungua maua matatu, mekundu kama kanga mpya.

Mkuu wa Bustani akafika, mkongojo mkononi. Akalizunguka waridi mara mbili, akalibonyeza shina. Lilikuwa gumu kama jiwe. Nikangoja.

"Fupi," akasema.

"Lilikatwa, Mzee. Lilikuwa limeoza."

"Likakatwa, likachanua?" Akavua kofia. "Basi langu nitalificha."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukala wali na kambare, tukanawa. Kwa adabu za mgeni mwema, Mzee akalibeba beseni mwenyewe, akatoka huku akisimulia habari za Malindi, akaliinamisha juu ya waridi.

Shangazi aliruka kama msichana, akampokonya.

"Mzee! Unataka kuniulia mmea? Peleka mgombani!"

Mzee akabaki mikono mitupu, akinitazama, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Huyu," akasema, "ndiye ningemwajiri kwanza."

Nimefundisha wengi, na vyeti vyangu mmesikia. Lakini siku hizi shangazi ndiye anayelinda mlango, na hakuna tone linalopita bila idhini yake.