Nyumba Isiyo na Avenyu

Siku yangu ya kwanza kwenye biro, yaani ofisi, ya mambo ya jamii hapa Uvira, Shefu wa Biro hakuniuliza hata jina la baba yangu. Alinisukumia karatasi juu ya meza. "Mama Espe, muntu bila avenyu na numero hana dosie. Iko wazi?" Nikajibu iko wazi: bila jina la njia na namba ya nyumba, mtu hafunguliwi faili. Na mjini ilikuwa wazi kweli. Kila parseli, kila kiwanja, ilikuwa na numero yake ukutani, hata kama ukuta wenyewe ulikuwa karibu kuanguka.

Nyinyi vijana mnaoianza kazi hii leo, sikieni ilivyokuwa. Maskini akiomba karti ya matibabu, ile ya serikali inayomfungulia mlango wa hospitali, sisi tulikuwa "tunateremka", maana yake kwenda kuiona nyumba kwa macho, kusoma numero na kutia sahihi. Usipoiona numero, dosie inalala. Na dosie ikilala, hakuna anayeiamsha.

Baadaye nilihamishiwa bonde la Ruzizi, upande wa Kiringye, na usingizi ukanihama huko huko. Unamuuliza mtu anakaa wapi, anakwambia: vuka mfereji, uliza tu. Na kweli ukiuliza unafika! Lakini karatasi yetu haikuwa na mahali pa kuandika "uliza tu". Dosie za bonde zima zililala.

Mmoja wa wale ambao dosie zao zililala alikuwa Mama Godelive, mjane, mkulima wa mpunga. Karti hakuiomba kwa ajili ya nafsi yake. Binti yake Konsolata alikuwa na mimba ya pili, na kwa ile ya kwanza alizalishwa kwa kupasuliwa. Daktari aliwaonya: huyu asijaribu kuzalia nyumbani, atakufa. Na hospitali bila karti walikuwa wanamrudisha mtu getini. Kila nilipoteremka, Mama Godelive alinishika mkono. "Mama, karti imefika?" Nilikuwa naanza kumuogopa.

Nikakaa na kapita, kiongozi wa kijiji, tukaamua kutengeneza avenyu zetu wenyewe. Njia ya kando ya maji ikawa Avenyu ya Mfereji. Kuta ni za udongo, mvua inafuta maandishi, basi kapita akapaka numero kwa chokaa kwenye milango. Mama Godelive akapata numero saba. Shefu akakubali kuja mwenyewe kuhakikisha.

Siku alipokuja, mama wee! Tulikuta nyumba ziko wazi, mikeka imening'inia mahali pa milango. Mpunga ulikuwa unaiva, watu wamehamia vibanda vya shambani kufukuza ndege, na huko bondeni mtu akihama anabeba mlango wake, kwa sababu mbao ni ngumu kupata. Mimi mtoto wa mjini sikulijua hilo. Kapita alilijua tangu kuzaliwa, ndiyo maana hakuona haja ya kuniambia.

"Weye uliniambia avenyu iko," Shefu akanigeukia. "Iko wapi?"

"Iko, Shefu," kapita akajibu. "Imeenda shambani."

"Avenyu inaendaka shambani?"

Siku nyingine ningecheka. Siku ile sikucheka, maana mwezi wa Konsolata wa kujifungua ulikuwa umefika. Nikamshika Shefu mkono, mimi mfanyakazi wake! Nikamwambia mashamba yako hapa karibu, twende tu. Akaviangalia viatu vyake, akaguna, akanifuata.

Hatukufika mbali. Wanaume wanne walikuwa wanakuja ukingoni mwa mfereji wamebeba mlango mabegani, na juu yake Konsolata, ameuma kitenge. Mama yake alikuwa nyuma, miguu mitupu, analia kwa Kirundi. Wakautua mlango mbele yetu wapumue. Shefu akainama.

"Numero ngapi hii?"

Mama Godelive akamtazama. "Numero iko chini ya mugongo yake, Shefu. Nimugeuze usome?"

Shefu akainuka. Akampigia dereva kelele alete gari. Sahihi ya karti aliitia juu ya goti lake, garini, kichwa cha Konsolata kikiwa mapajani mwangu. Kila shimo la barabara nilisema, Mungu wangu, lisiwe hili. Walimpasua mara tulipofika. Mtoto alilia, na mama yake akapona.

Juma lililofuata nilimuomba Shefu tubadilishe karatasi, tuandike jina la kapita na la mfereji badala ya avenyu na numero. Hakuinua uso. "Sheria inatokaka Kinshasa, Mama Espe. Yule nilimusaidia kwa sababu nilimuona na macho yangu."

Leo nimestaafu, nafuga kuku Kavimvira, karibu na barabara. Nasikia karatasi bado ni ile ile. Gari likija mbio kutoka bondeni, naacha mtama wa kuku pale pale, natoka nje kutazama. Majirani wananitania: "Mama Espe, unangoja nani kila siku?"

Jina lake silijui. Namngoja yule ambaye Shefu hakumuona.