Siku Niliyomwambia Fundi Wetu Bora Aende Nyumbani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoingia kwenye karakana ya kushona kule Kawangware nikakuta watu wote wanacheka isipokuwa mmoja. Aliyekuwa akiwachekesha ni Meshack, fundi wetu wa kukata vitambaa. Alikuwa amejifunga kipande cha kitambaa kichwani, amekunja mgongo, anajifanya anatunga uzi kwenye sindano huku amekodoa macho, na anaongea kwa lafudhi nzito ya Kiluhya. Asiyecheka ni Mama Zipora, mshona vifungo, aliyekaa karibu na dirisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiigizwa. Alikuwa ameinamia shati la mtoto wa shule, anavuta uzi polepole kama mtu asiyesikia. Lakini alisikia. Niliona jinsi shingo yake ilivyokakamaa.

Nakuambia habari hii, Sharon, kwa sababu Jumapili ulikuja hapa kwangu, ukala chapati moja tu, na wewe nakujua, hukomi kwa moja. Ukaniambia umefanywa msimamizi wa lile duka la simu, na kwamba kuna kijana hapo anayewatusi wenzake na kukujibu vibaya mbele ya wateja. Na kwa kuwa anauza kuliko wengine, bosi wako hataki kusikia lolote juu yake. Ukaniuliza, "Auntie, sasa nifanye nini?" Siku ile sikukujibu vizuri, nyumba ilikuwa na wageni. Leo tuko wawili. Weka simu kando kidogo.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana kama wewe. Nilikuwa nakaa mtaa wa Laini Saba, chumba kimoja karibu na reli, na kila asubuhi natembea mpaka Kawangware pamoja na maelfu ya watu wanaokwenda vibarua. Karakana ilikuwa ya Mama Njeri, mwenyeji wa hapo, ploti yenyewe aliachiwa na baba yake. Tulikuwa tunashona yunifomu za shule. Nilikuwa nimeingia kama mshonaji wa kola, na baada ya muda Mama Njeri akanifanya supavaiza. Sijui aliona nini. Pengine ni kwa sababu nilikuwa nafika mapema na sikuwa na maneno mengi.

Sasa Meshack alikuwa hapo kabla yangu. Na huyo mtu, mwanangu, alijua kukata. Akitandaza kitambaa mezani na kushika mkasi, hakuna kipande kilichopotea. Sisi sote tulikuwa tunamtegemea, maana asipokata, wengine hawana cha kushona. Na alijua hivyo. Siku ile niliyofanywa msimamizi alipiga makofi peke yake, polepole, akasema, "Karibu, supavaiza wa juzi." Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu sikujua niweke uso wangu wapi.

Basi baada ya lile igizo la asubuhi, nilienda moja kwa moja kwa Mama Njeri. Alikuwa nje anahesabu mabunda ya kitambaa yaliyoshushwa. Nikamwambia, "Mama, huyu Meshack afukuzwe. Anamdharau Mama Zipora, ananidharau mimi, amezidi."

Mama Njeri hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimwambie nani?"

"Meshack. Umekaa na yeye, mkiwa wawili, ukamwambia hii tabia haifai?"

Nikasema hapana. Nikaanza kueleza kwamba kila mtu anajua haifai, hata yeye anajua.

Ndipo akaniangalia. "Rispa, unataka nimtoe mtu kazini kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia aache? Nyinyi wote mnacheka, halafu wewe unakuja kwangu kunong'ona. Rudi ndani. Ukishamwambia na asisikie, hapo tutaongea."

Niliumia, nakwambia ukweli. Nilidhani nimekuja kutetea mtu, kumbe ninakemewa mimi. Lakini nilipotembea kurudi nyumbani jioni ile niliona kwamba hakunionea.

Kesho yake wakati wa chai nikamwita Meshack tukatoka nje, pale karibu na choo ambapo hakuna mtu anayependa kusimama. Nilikuwa nimejipanga nimpe maneno makali. Wasichana wa Laini Saba hatukuwa watu wa kushindwa kwa mdomo, hilo unalijua kutoka kwa mama yako. Lakini nilijizuia. Nikamwambia tu alichofanya: "Jana ulimwigiza Mama Zipora mbele ya watu. Wiki iliyopita ulirusha shati aliloshonea vifungo ukasema limeshonwa na kipofu. Nataka uache."

"Ai, Rispa, si ni jokes tu. Hata yeye hucheka."

"Mimi sijamwona akicheka."

Akapiga kokoto teke. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Na mimi nani aliniuliza? Nimekata hapa miaka na miaka, naamka naskia mtu wa kola ndiye mkubwa wangu. Hakuna hata mtu alinieleza."

Mwanangu, hapo ningeweza kumwambia hayo hayanihusu. Lakini alikuwa na haki. Hakuna aliyemweleza. Nikamwambia, "Hilo ni kweli, ulistahili kuelezwa. Nitamwambia Mama Njeri aongee na wewe. Lakini Mama Zipora hakukunyima cheo. Mwache."

Na kweli Mama Njeri aliongea naye. Sijui waliambiana nini. Kwa muda karakana ilitulia, Meshack akawa anakata kimya kimya na hata kusalimia watu. Nikaanza kujiona hodari.

Halafu shule zikakaribia kufunguliwa. Huo ndio wakati mgumu kwa watu wa yunifomu. Tulikuwa na oda kubwa ya shule moja ya hapo karibu, mashini hazizimwi, watu wanakula wamesimama. Mama Njeri alikuwa ameenda matanga huko Murang'a na kuniachia kila kitu. Na siku moja Mama Zipora akakosea. Alishona vifungo vya mashati kadhaa vikapita mahali pake, ukifunga shati upande mmoja unapanda. Ni kosa kweli, sitamtetea. Lakini ni kosa la kufumua na kushona tena.

Meshack akayachukua yale mashati akayamwaga sakafuni katikati ya watu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huyu mama amezeeka na macho yake yamezeeka. Si arudi kijijini akangoje kufa, atuachie kazi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Zipora aliinuka, akakusanya mashati yake moja moja, akayakunja, akayaweka juu ya meza. Akachukua mkoba wake akatoka. Hakulia. Ningetamani angelia, ingekuwa rahisi zaidi kutazama.

Nikazima mashini iliyokuwa karibu nami nikasema, "Meshack, weka mkasi chini. Nenda nyumbani leo."

Akacheka. "Nikienda, hii kazi haiishi. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Shule inafunguliwa wiki ijayo."

"Najua. Nilikuambia tukiwa wawili, ukaelewa. Leo umerudia mbele ya wote. Ukiwa tayari kumwomba mama msamaha, urudi. Kama hauko tayari, usirudi."

Aliwaangalia wengine, akitafuta hata mmoja amwunge mkono. Kila mtu aliangalia kazi yake. Akatupa mkasi mezani akaenda zake. Nikakaa juu ya bunda la kitambaa.

Msichana mmoja aliyeitwa Faith, rafiki yangu, akanisogelea. "Sasa tutaambia shule nini? Sema tu stima imepotea. Kila mtu ataamini, hii ni Kawangware."

Na ni kweli, wangeamini. Stima ilikuwa inapotea kila mara, mashini zote zinasimama. Nilifikiria hilo njia nzima nikienda kwa mwalimu mkuu, mpaka kwenye lango la shule. Lakini nilijiuliza, nimemtoa mtu kazini kwa sababu ya tabia, halafu mimi mwenyewe naingia kwa mwalimu mkuu na uwongo mdomoni? Wafanyakazi wote wangejua. Kesho mmoja wao angenidanganya, ningemwambia nini?

Nikamwambia mwalimu mkuu ukweli: kulikuwa na utovu wa heshima kazini, nimemrudisha fundi wa kukata nyumbani, na mashati ya madarasa ya juu yatachelewa. Hakufurahi. Aliniuliza kama mimi ni mtoto. Akachukua sehemu ya ile oda akampa fundi mwingine. Sitakudanganya, Sharon, kwamba ukifanya haki siku hiyo hiyo unapewa zawadi. Tulipoteza kazi, na ilikuwa kwa sababu ya uamuzi wangu.

Nilipotoka hapo nikampigia Mama Njeri simu. Nyuma yake nilisikia watu wanaimba nyimbo za kanisa. Nikamweleza yote bila kupunguza. Zile nyimbo zikafifia, nikajua amesogea kando. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na Mama Zipora ako wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi hujamaliza kazi. Mtafute."

Nilimpata kwake, mtaa wa hapa mjini unaoitwa kijiji cha Raila, anaanua nguo kwenye kamba. Alinikaribisha ndani, akanipa chai ya maziwa. Nilijaribu kumwambia kwamba Meshack ataomba msamaha, nitahakikisha. Akatikisa kichwa.

"Wewe Rispa, mimi sitaki msamaha wa kulazimishwa. Mtu akilazimishwa anakuchukia mara mbili. Mimi nataka kukaa mahali pangu nifanye kazi bila kutukanwa. Nikikosea, niambie nimekosea, nitafumua. Si hayo tu?"

Nikasema ni hayo tu. Kesho yake alikuwa dirishani, anafumua vile vifungo.

Siku zilizofuata tulikata sisi wenyewe, vibaya vibaya, na tukaharibu vitambaa. Mama Njeri aliporudi alivitazama vile vipande vilivyoharibika, akavishika kimoja baada ya kingine. Nilingoja anipe barua ya kunifukuza kazi. Akasema, "Hivi tutavishona kaptula za watoto wa nursery," akaingia ndani kuvua koti lake la safari. Hakuwahi kulizungumzia tena.

Meshack alirudi baada ya shule kufunguliwa. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mafundi wengine. Alisimama mlangoni, hakuingia, akasema mbele ya kila mtu, "Mama Zipora, nilikukosea. Haikuwa jokes. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine nikakumalizia wewe." Alisema huku anaangalia sakafu, lakini alisema. Mama Zipora akamjibu, "Ingia, wenzako wanakata kama panya." Hapo tulicheka sote, na yeye mwenyewe akacheka, na kicheko hicho kilikuwa na ladha nyingine.

Usifikiri alikuwa malaika tangu hapo. Alinung'unika mpaka siku niliyoacha kazi. Lakini hakumdhalilisha mtu tena, na mimi nilijifunga kwa sheria ile ile: kosa la mtu nilimwambia pembeni, hata la mtoto aliyefika jana. Tulifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na nilipoolewa, Meshack ndiye aliyekata gauni langu. Lile la picha ya ukutani pale. Wewe unalisifu kila ukija.

Basi mwanangu, nakuambia hivi. Huyo kijana wa dukani, kabla hujaenda kwa bosi, mwite pembeni. Mwambie alichofanya, siku gani, kwa nani, bila kumwongezea majina. Msikilize pia, pengine ana jeraha lake, na kama ana haki mpe haki yake. Lakini jeraha lake lisiwe ruhusa ya kuwaumiza wengine. Akirudia, simama, hata kama ndiye anayeuza kuliko wote, maana siku utakayomwacha kwa sababu anauza, wale wengine wataelewa thamani yao ni ipi machoni pako. Usitukane ukijibu tusi. Usidanganye ili kuficha aibu ya kazi. Na yule aliyetukanwa usimsahau ukishughulika na aliyetukana, kama nilivyotaka kumsahau mimi. Utapata hasara mahali, jiandae nayo. Ila jioni utakuwa na kazi ambayo unaweza kuirudia asubuhi bila kuiogopa.

Mimi nazeeka nikiwa nimeridhika, Sharon. Nikipita Kawangware watu niliofanya nao kazi wananiita kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara, na sina hata mmoja wa kumkwepa.

Mungu akupe ulimi mpole na uti wa mgongo mgumu. Akupe wenzako watakaofurahi kukuona ukiingia mlangoni. Kazi ya mikono yako iwalishe wanao, na jina lako liwe safi mahali ambapo haupo. Haya, sasa kula. Chapati zinapoa.