Kaseti Iliyotangulia Kilio

Harufu ya chuma kinachochomelewa ikinipiga puani, hata leo, miguu inakataa kwenda. Juzi ilinikuta hapa hapa Kisangani, mtaa wa Tshopo, kijana mmoja anaunga mlango wa duka, cheche zinaruka hadi mtaroni, nami nimesimama na kikapu changu cha mboga mpaka akaniuliza kama niko mteja. Ningemjibu nini? Kwamba ananuka kama baba yangu?

Papa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Siku moja alirudi kutoka sokoni na kaseti aliyoiokota kwenye rundo la vitu vya Ulaya vilivyokwisha kutumika. Muuzaji alimwambia, "Papa, hii iko métal," na papa wangu, maskini, aliyejua métal ni chuma tu, akaamini kwamba wazungu wamewatungia mafundi wa chuma muziki wao. Alipewa karibu bure, maana hakuna aliyeitaka. Kwenye jalada walikuwapo vijana wanne wenye nywele ndefu, wamenuna kama watu walionyimwa chakula. Nimeshawauliza wengi wanaojua muziki huo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwasikia.

Bon, anicheke anayetaka kunicheka: ile kaseti ilikuwa nzuri. Magitaa mawili yalikwenda pamoja kama wapiga kafi wawili wa mtumbwi mmoja, ngoma nyuma yao, bila papara, bila madoido. Halafu, mwisho wa upande wa kwanza, mwimbaji aliachia ukelele mrefu, wa juu kabisa, mpaka pumzi ikamwishia. Papa alifumba macho kila ulipofika. "Sikiya, Bea," aliniambia. "Huyu mutu hadanganye." Kiingereza hakujua hata neno moja.

Moshi wa kazi ulimwingia mapafuni. Aliposhindwa kushika vifaa vyake, tulimlaza chumba cha mbele, na kila umeme ulipokuja, alitaka kaseti. Mama, mtu wa maombi, aliichukia.

"Hii muziki iko inaita kifo," alisema.

"Kifo haingoje kuitwa," papa akamjibu.

Alasiri moja umeme ulirudi ghafla, sauti ya radio ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na ule ukelele ukamwagika katika viwanja vyote. Mnajua desturi yetu. Ukelele wa namna ile ukitoka nyumba yenye mgonjwa, hakuna anayeuliza: wanawake wanafunga kitambaa kiunoni na kuja. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Asha. Aliingia mikono kichwani, "Yoo, Papa Bea, umetuacha!" na Papa Bea mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, kikombe cha chai mkononi.

"Mama Asha, rudiya kwanza kwako," alisema. "Siku yangu ikifika, tutakuita."

Kicheko kilivyotuvamia! Papa alicheka hadi kikohozi kikamkunja. Mama Asha naye alicheka, lakini kwa hasira, akifungua kitambaa chake. "Hii nyumba haitanidanganya tena!" Mama yangu peke yake hakucheka. "Munacheza na kilio," alitugombeza walipoondoka. "Siku tutalia kweli, nani atakuya?"

Niliona ni maneno ya kanisani tu.

Siku yenyewe ilikuja mchana, mvua imetoka kukatika. Papa aliomba maji. Mama akamwinua kichwa, na maji yakarudi yakamiminika kidevuni. Mama akapiga ukelele. Mungu wangu, ule ukelele! Nilitoka mlangoni kuwangoja wanawake, kwa sababu ndivyo nilivyojua: mtu akilia, watu wanakuja. Hakuna aliyekuja. Mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku. Kwa Mama Asha nilisikia kinu, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama akalia tena, kwa nguvu zaidi, na kinu hakikusimama.

Nikakimbia. Mama Asha hakugeuka hata kunitazama.

"Ambiya papa yako apunguze ile radio. Masikio iko inatuuma."

"Mama Asha, haiko radio," nilisema. "Iko mama."

Mchi ulimponyoka. Alikimbia bila kitambaa, bila viatu, mikono imejaa majani ya sombe, na alipofika alimkumbatia mama huku akisema, "Nisamehe, nisamehe." Mama hakuwa na sauti tena.

Matanga yalifanyika vizuri, viti vikapangwa, kwaya ikaimba. Kaseti mama hakuichoma, ingawa aliwahi kuapa. Niliposhikwa na hamu ya papa, niliicheza, naye aliniacha. Na kila ukelele ulipofika, Mama Asha alitokea mlangoni akihema, kitambaa kiunoni. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema, "Haya," akarudi kwake.

Nilidhani ameupenda muziki. Shuleni nilijigamba kwamba jirani yetu, mama mzima wa Kiislamu, anashabikia métal kuliko mtu yeyote Kisangani. Mara nyingine niliongeza sauti makusudi ili kumfurahisha. Alikuja hata magoti yake yalipochoka, kwa fimbo, pole pole, na hakukosa hata siku moja.

Tulikuwa tumeshamzika Mama Asha nilipoelewa kwamba hakuja kusikiliza. Alikuja kutuhesabu.